Zimamoto wa Kampala: simu anayo, wa kumpigia hana

Ndani ya siku 73 za mwaka 2024, waokoaji wa Kampala na viunga vyake waliitwa mara mbili kwenye kazi ya kutoa maiti. Jumamosi ya Agosti 10, mlima wa taka wa Kiteezi, wilayani Wakiso, uliporomoka na kufunika nyumba za watu. Ufukuaji ulichukua siku kadhaa, na idadi ya waliokufa ikafika angalau 35. Jumanne ya Oktoba 22, lori la mafuta lilipinduka Kigogwa, kwenye barabara ya Kampala kwenda Bombo. Watu walikimbilia kuchota petroli, na lori likalipuka. Watu 11 walithibitishwa kufa siku hiyo, na baadhi ya majeruhi wakafia hospitalini baadaye.

Baada ya Kiteezi, hesabu ya lawama ilifanywa haraka. Kufikia mwisho wa Septemba, mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), naibu wake na mkurugenzi wa afya walikuwa wamefutwa kazi, na kesi ikafuata. Yalizungumzwa mengi kuhusu fidia na kuhusu mahali pa kupeleka taka za jiji. Waliofukua, yaani askari wa Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji ya Polisi ya Uganda, wahudumu wa Msalaba Mwekundu na wenyeji, hawakutajwa sana. Askari walirudi kambini kusubiri simu inayofuata.

Mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba, Mutukula au Mpondwe kwenda Kampala ana sababu ya kuwafikiria askari hao. Soko la St Balikuddembe, ambalo karibu kila mtu huliita Owino, liliungua Februari 2009, likaungua tena 2011 na tena 2013. Mitumba na viatu vya soko hilo huishia mbali na Kampala, kwa wanunuzi wa Juba, Bunia na Beni. Wenye maduka Nairobi wanaikumbuka Gikomba ya Juni 28, 2018, ambapo watu 15 walikufa. Wa Dar es Salaam wanaukumbuka usiku wa Julai 10, 2021, soko la Kariakoo lilipowaka. Mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye mabando matatu ya nguo humtegemea askari mwenye mpira wa maji kuliko anavyomtegemea diwani au waziri.

Askari huyo naye hupokewaje? Mara nyingi kwa kelele: mbona mmechelewa, mbona gari halina maji. Mara nyingine kwa mawe. Hasira ya mtu anayetazama mali yake ikiteketea inaeleweka. Lakini anayerushiwa jiwe huenda ndiye aliyetoa watoto kwenye bweni la Shule ya Msingi ya Budo Aprili 2008, ambako takriban wasichana 20 waliteketea. Au alikuwa Namungoona Juni 2013, ambako lori jingine la mafuta liliua watu zaidi ya 30, wengi wao vijana wa bodaboda waliokuwa wakichota petroli. Kigogwa ilikuwa Namungoona kwa mara ya pili, na kuna askari waliozishuhudia zote mbili katika utumishi mmoja.

Mwili hupona moshi. Kinachobaki ni harufu, sauti na usiku bila usingizi. Wengine huzidisha pombe, wengine huwa wakali nyumbani, wengine huanza kukwepa zamu fulani bila kusema kwa nini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya tafiti za waokoaji kutoka nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba kama mmoja kati ya kila kumi ana dalili kamili za maradhi ya kiwewe. Kwa gari la zimamoto lenye askari watano, hiyo ni mtu mmoja katika kila magari mawili. Hasara kwa soko ni ya wazi: askari mzoefu, anayejua vichochoro vya Owino na mahali maji yanapopatikana, akiomba kuhama au akianguka kwenye pombe, anayechukua nafasi yake huanza kujifunza siku soko linawaka.

Nchi zenye fedha zimelitafutia tatizo hili dawa mbalimbali, na moja inayozidi kupata wafuasi ni ya kawaida mno: mwenzako wa kazini aliyefundishwa kusikiliza. Kikosi cha New York kilipoteza askari 343 siku moja, Septemba 11, 2001, na kitengo chake cha ushauri nasaha kiliwatumia sana askari wenzao, waliopo kazini na waliostaafu, kuwafikia waliobaki. Hoja ni kwamba zimamoto humfungukia mtu aliyewahi kushika mpira wa maji kabla hajamfungukia daktari mwenye koti jeupe. Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster wamelipeleka jambo hilo kwenye simu kwa programu iitwayo PeerOnCall, ambayo humwezesha zimamoto, polisi au mhudumu wa gari la wagonjwa kumtafuta mwenzake aliyefundishwa, kwa maandishi au kwa sauti, bila kupitia ofisini.

Ni rahisi kusema Kampala nayo ipakue programu kama hiyo. Kwa upande wa utaalamu, jiji hili lingeweza kufanya hivyo bila kuazima sana. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ile njia ya kwenda Mutukula, ulioonyesha kwamba sonona ilipungua sana kwa watu waliokutana katika vikundi kila wiki kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Shirika la StrongMinds lilianzishwa 2013 kueneza mbinu hiyo, na Kampala ndiko lilikoanzia. Mlipuko wa UVIKO-19 ulipofunga mikusanyiko mwaka 2020, lilihamishia vikundi vyake kwenye simu. Maana yake ni kwamba kuzungumzia maumivu kwa simu, katika kikundi na kwa lugha ya nyumbani, ni jambo ambalo Kampala imeshalifanya.

Hospitali ya Taifa ya Butabika nayo, iliyojengwa mwaka 1955, imetumia kwa miaka mingi watu waliowahi kuugua kuwasaidia wanaougua. Mradi wa utafiti wa kimataifa uitwao UPSIDES, ulioanza 2018, uliifanya Kampala na Dar es Salaam kuwa miongoni mwa miji sita ya dunia iliyojaribu msaada wa namna hiyo kwa pamoja. Ni ushirikiano wa Afrika Mashariki uliokwenda kimya kimya, bila mkutano wa marais.

Hivyo watu wa kufundisha wapo, na simu zipo. Kilichokosekana ni siri.

Jambo hili linataka maelezo, kwa sababu muundo wa zimamoto wa Uganda haufanani na wa jirani zake wengi. Kenya, tangu ugatuzi wa 2013, zimamoto ni mwajiriwa wa kaunti. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye sheria yake ya mwaka 2007, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Uganda, kama Rwanda, zimamoto ni polisi. Ana cheo, ana kamanda, yuko chini ya kanuni za nidhamu za polisi, na anaweza kuhamishwa kwa barua moja. Anayeamua kama atapanda cheo, kama atabaki Kampala au atapelekwa Karamoja, yumo katika ngazi hiyo hiyo ambayo mwenzake wa kazini naye anaitegemea.

Katika mazingira hayo, kumwambia mwenzako "silali tangu Kiteezi" ni kumkabidhi kitu anachoweza kukitumia. Huenda asikitumie. Lakini siku akiulizwa na mkubwa wake, atajibu nini?

Kuna na suala la bunduki. Mei 2023 konstebo mmoja alimuua mkopeshaji wa fedha kwa risasi mchana, katikati ya Kampala, na ikaelezwa baadaye kwamba alikuwa amezuiwa kubeba silaha kwa sababu ya historia ya maradhi ya akili. Nchi ilistuka, na ilikuwa na haki ya kustuka. Lakini kwa askari wa kawaida, pamoja na yule ambaye silaha yake ni maji, tukio la namna hiyo hufundisha somo jingine: ukijulikana kuwa una tatizo la akili, unakuwa mtu wa kuogopwa. Jina la Butabika kwa Mganda ni kama Mathari kwa Mkenya na Mirembe kwa Mtanzania. Ni hospitali, na ni tusi.

Sheria nayo haisaidii. Uganda ilipata Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, na hiyo ni hatua. Lakini kujaribu kujiua kumebaki kuwa kosa la jinai katika kanuni ya adhabu, kama ilivyo Tanzania. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Zimamoto wa Kampala anayemweleza mwenzake kwamba amefikiria kujidhuru bado hajatenda kosa lolote. Lakini anayemsikiliza ni askari polisi, na kazi ya askari polisi ni kushughulikia makosa. Hakuna programu ya simu inayoweza kuondoa ukakasi huo, hata ikiwa nzuri namna gani.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu wengi, kwa sababu wameliishi kwenye fedha. M-Pesa ilianza Kenya 2007, na MTN ikaleta huduma yake ya pesa kwa simu Uganda 2009. Watu walikubali kuweka mauzo ya siku nzima kwenye simu ya bei rahisi baada ya kuona kwamba wakala, hata akiwa shemeji, hawezi kuijua namba ya siri. Kama wakala angekuwa anaiona, hakuna mama wa Busia ambaye angethubutu kuweka hata shilingi elfu tano. Askari anayeombwa kuweka usiku wake mbaya kwenye simu anauliza swali lile lile: nani mwingine anaona?

Jibu la sasa si la kutuliza. Laini zote za Uganda zimesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo namba ya simu ni jina. Kundi la WhatsApp, ambalo ndilo chombo cha kwanza watu hukifikiria, ni mahali pabaya zaidi pa kusemea jambo la siri, kwani ujumbe hupigwa picha na kusambazwa kabla mwandishi hajajuta. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, nayo inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Lakini sheria hiyo humlinda mtu baada ya siri kutoka, wakati barua ya uhamisho imeshaandikwa.

Tena upo ugumu wa mtandao wenyewe, ambao wauzaji wa programu huusahau. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. Julai 2021 kodi hiyo ikageuzwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Facebook imefungwa tangu Januari 2021. Katika uchaguzi wa mwezi huo intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa, siku zile zile ambazo polisi hawalali na matairi huchomwa barabarani. Msaada unaotegemea bando ungekatika wakati unaohitajika zaidi. Kwa hiyo kinachofaa Kampala huenda kikawa chombo cha chini kabisa: namba ya bure inayopokea simu ya kawaida, ambayo hata mwenye katochi anaweza kuipiga, na upande wa pili awepo mtu aliyewahi kuzima moto.

Mtu huyo awe nani? Wastaafu ni jibu moja, kwa sababu hawana tena kamanda wa kumridhisha. Wapo zimamoto wa zamani ambao uzoefu wao sasa unatumika kulinda maghala na hoteli. Jibu la pili ni la kikanda, na ajabu ni kwamba halizungumzwi: mwenzako anaweza kuwa ng'ambo ya mpaka. Zimamoto wa Mombasa hana njia ya kumpeleka wa Kampala kwenye mahakama ya nidhamu. Wa Mwanza hajui kamanda wa Kampala anaitwa nani. Lakini wote wanajua uzito wa mpira uliojaa maji, na wanajua ni kipi kigumu zaidi kubeba.

Gharama ya simu si kikwazo kama zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2014, Kenya, Rwanda na Uganda ziliingia katika mpango wa Mtandao Mmoja uliopunguza sana bei ya kupiga simu kati yao, na wafanyabiashara ndio walioutumia mwanzo kuulizia bei ya mahindi upande wa pili. Lugha nayo ipo. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kwa marekebisho ya 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha uamuzi wa kukitekeleza. Kampala wako wengi wasiokipenda, kwa kuwa kwa wazee kinakumbusha vizuizi vya barabarani na sauti za wanajeshi wa miaka ya sabini. Lakini kambini kimetumika tangu ukoloni. Zimamoto wa Uganda ni miongoni mwa Waganda wachache ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kazi, na neno "pole" wanalijua bila mkalimani.

Kinachokwamisha ni kwamba hakuna chombo cha kuliendesha jambo hilo. Shirika la wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, lililoanzishwa Kampala mwaka 1998, linaweza kumfikia zimamoto wa Uganda na wa Rwanda kwa sababu wao ni polisi. Haliwezi kumfikia wa kaunti ya Kisumu wala wa jeshi la Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki za soko la pamoja na ushuru wa forodha, na huandaa mazoezi ya pamoja ya kijeshi na ya maafa. Inajua namna ya kupitisha gari la zimamoto mpakani. Mazungumzo ya watu wanaolipanda gari hilo hayana dawati lake.

Ipo hatari pia ya kuahidi kupita kiasi. Miaka ya themanini Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyekuwa zimamoto mwenyewe, alieneza utaratibu wa kuwakusanya waokoaji mara moja baada ya tukio na kuwataka wasimulie walichoona. Ulipendwa na kuenea duniani. Mapitio ya kitafiti ya mwaka 2002 yakaonyesha kwamba kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kusimulia hakizuii maradhi ya kiwewe, na kwa wengine huenda kikawaongezea. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao ni kusikiliza bila kuchokonoa, kuhakikisha mtu amekula, amelala na yuko salama, kisha kumuunganisha na wenye utaalamu akihitaji. Ushahidi kwamba mwenzako peke yake anaweza kukuponya bado ni mwembamba. Anachoweza kufanya ni kukufikisha kwa mganga mapema, kabla ya chupa au kamba.

Hapo ndipo Kampala italazimika kupanga sawasawa. Namba ya simu isiyo na kliniki nyuma yake itamwacha msikilizaji na mzigo wa mtu mwingine juu ya mzigo wake mwenyewe, na msikilizaji naye ni zimamoto. Polisi wana zahanati zao, wana mapadre, wachungaji na maimamu wao, na wote hao wana kazi ya kufanya. Lakini wote wamo ndani ya uzio. Mpango unaostahili kuaminiwa ungemruhusu askari kwenda kutibiwa nje ya uzio huo, katika kituo cha afya cha kawaida, bila jina lake kurudi kwenye faili lake la kazi, isipokuwa pale tu maisha yake au ya mwingine yako hatarini. Na mpaka wa "isipokuwa" hiyo ungeandikwa kwa lugha nyepesi, ukabandikwa ukutani kituoni kabla simu ya kwanza haijapigwa, ili kila mmoja ajue mapema kipi kitabaki siri na kipi hakitabaki.

Hayo hayahitaji programu kutoka Kanada. Yanahitaji saini ya mkuu wa polisi kwenye waraka unaosema kwamba anayepokea simu hataulizwa aliyoambiwa, na fungu dogo kwenye bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Bajeti ya Uganda husomwa Juni, siku moja na za Kenya na Tanzania kwa kawaida, na mazungumzo ya zimamoto kila mwaka huwa ni magari na vituo. Vyama vya wafanyabiashara wa Kampala, vinavyojua kufunga maduka siku tatu kupinga kodi, vimekuwa vikidai magari hayo kwa haki kabisa. Havijadai lolote kwa ajili ya watakaoyaendesha.

Wakati huo huo, askari waliokuwa Kiteezi na Kigogwa wanaendelea na zamu. Baadhi watahamishiwa Gulu, Mbarara au Arua kabla mwaka kwisha, kama ilivyo desturi ya polisi, na aliyekuwa mwenzao wa kukaa naye jioni nje ya bweni, ambaye aliona alichoona na hakuhitaji kuelezwa, atabaki Kampala au atapelekwa upande mwingine wa nchi. Namba yake watakuwa nayo.